RAM Pacha Mezani kwa Fundi

Kadi mbili za RAM huitwa pacha zinapolingana kwa ukubwa, aina, kasi na mpangilio wa chipu zake. Kompyuta mpakato nyingi za miaka ishirini iliyopita zina nafasi mbili za kuchomeka kadi hizo, na kila anayetaka kuiongezea mashine yake nguvu hukutana na swali lilelile: anunue kadi moja kubwa na kuiacha nafasi ya pili wazi, achanganye ya zamani na mpya, au atoe zote na kuweka pacha? Madukani huzunguka majibu mawili, na yote mawili yametiwa chumvi. Wauzaji wa jozi zilizofungwa pamoja husema pacha huongeza kasi maradufu. Mafundi wengi wa mitaani husema RAM ni RAM, mradi iingie. Ukweli umo katika hesabu fupi, lakini fundi mmoja wa Kariakoo, Dar es Salaam, ilimchukua zaidi ya miaka kumi kuielewa, mashine moja baada ya nyingine. Visa vinavyofuata vilipita juu ya meza yake.

Hesabu ya mikondo

Kati ya prosesa na RAM kuna kidhibiti cha kumbukumbu. Kutoka kwenye kidhibiti hicho hutoka njia za kupitishia data zinazoitwa mikondo. Kuanzia DDR ya kwanza hadi DDR4, kila mkondo una upana wa biti 64, yaani baiti 8 kwa mpigo mmoja. Kadi ya DDR4-2400 hupiga mara milioni 2,400 kwa sekunde. Zikizidishwa kwa baiti 8 hutoka GB 19.2 kwa sekunde. Kadi ikiwa peke yake, hapo ndipo ukomo wake. Ikiwekwa ya pili kwenye mkondo wa pili, kidhibiti huanza kugawa data kwa zamu, furushi dogo huku na linalofuata kule, na ukomo hupanda hadi GB 38.4 kwa sekunde.

Lebo za kadi za DDR3 huieleza hesabu hii bila kificho. PC3-12800 maana yake ni MB 12,800 kwa sekunde, na ndiyo kadi ileile inayoitwa DDR3-1600. Anayejua kuzidisha kwa nane hana haja ya kumwuliza muuzaji.

Jambo moja halibadiliki: muda wa kusubiri. Prosesa inapoomba kitu kilichomo ndani ya RAM, kadi huchukua muda fulani kabla ya kutoa baiti ya kwanza, na mkondo wa pili haupunguzi muda huo. Kadi ya kawaida ya DDR4-2133 husubiri mizunguko 15, ya DDR4-2400 mizunguko 17, na ya DDR4-3200 mizunguko 22. Ikigeuzwa kuwa muda, zote tatu huangukia karibu nanosekunde 14. Kwa hiyo mkondo wa pili unafanana na mlango wa pili wa ghala. Hauwafanyi wabeba mizigo watembee haraka zaidi, ila huruhusu wengi zaidi kutoka kwa wakati mmoja. Faida yake hutegemea kama kuna mzigo wa kutosha kuijaza milango yote miwili, na kama barabara iliyo nje inaweza kuupokea.

Kisa cha MacBook ya mwaka 2006

Barabara hiyo ya nje ndiyo iliyokuwa somo la kwanza. Mwezi Mei 2006 Apple ilitoa MacBook yenye prosesa ya Intel Core Duo na chipu ya michoro ya GMA 950. Mashine ilikuwa na nafasi mbili za DDR2-667 na ilipokea GB 2 tu kwa jumla. Toleo la bei ya chini liliuzwa likiwa na MB 512, na hizo ziligawanywa katika kadi mbili za MB 256. Apple yenyewe ilishauri nafasi zote mbili zijazwe kadi zinazolingana. Ushauri huo ulikuwa na gharama kwa mnunuzi, kwani mashine ilitoka kiwandani bila nafasi hata moja iliyo wazi. Aliyetaka kuongeza kumbukumbu alilazimika kutoa kadi nzima na kuiweka kabatini.

Mashine ya aina hiyo ilifika Kariakoo mwaka 2011, ikiwa na kadi mbili za MB 512. Mwenye nayo alikuwa na pesa ya kadi moja tu ya GB 1. Fundi wa habari hii alikuwa bado mwanagenzi, na fundi mkuu aliyemfundisha kazi alikataa katakata.

"Ukivunja pacha, umeiua hiyo mashine."

"Mzee, mteja ana hela ya moja tu."

"Basi akusanye, arudi."

Mteja hakuwa na muda wa kukusanya. Ikatolewa kadi moja ya MB 512, ikaingia ya GB 1, na jumla ikawa GB 1.5 ya kadi zisizolingana. Mashine haikufa. Iliamka, na kivinjari kilichokuwa kikiganda kila kurasa zikizidi nne kikaanza kufanya kazi bila kusuasua. Mwanagenzi aliandika neno moja kwenye daftari lake: "haijafa". Sababu aliielewa miaka kadhaa baadaye, alipoanza kuchora njia ya data kwenye karatasi.

Katika mashine za Intel za kizazi kile, kidhibiti cha kumbukumbu hakikuwa ndani ya prosesa. Kilikaa kwenye chipu nyingine juu ya ubao mama, na prosesa iliifikia chipu hiyo kupitia njia moja yenye upana wa baiti 8, inayopiga mara milioni 667 kwa sekunde. Njia hiyo hupitisha GB 5.3 kwa sekunde. Kadi moja ya DDR2-667 nayo hutoa GB 5.3 kwa sekunde. Hesabu inaishia hapo: kadi moja peke yake ilitosha kuijaza njia yote ya kuelekea kwenye prosesa. Kadi ya pili iliongeza mlango wa ghala, lakini uchochoro wa kufikia lori ulibaki uleule.

Aliyenufaika na mlango wa pili alikuwa GMA 950. Chipu hiyo ya michoro ilikaa upande wa ndani wa uchochoro, pamoja na kidhibiti, na haikuwa na kumbukumbu yake yenyewe. Ilikopa sehemu ya RAM ya mashine. Kuonyesha tu picha kwenye skrini ya nukta 1280 kwa 800, mara 60 kwa sekunde, kwa baiti 4 kila nukta, hula karibu GB 0.25 kwa sekunde, hata kabla ya kuchora chochote kipya. Michezo na madoido ya madirisha huongeza ulaji huo mara nyingi. Mikondo miwili iliiwezesha chipu ya michoro kula bila kuinyang'anya prosesa sahani yake.

Ushahidi wa upande wa pili ulitoka kwenye kampuni hiyohiyo. Mwezi Oktoba 2006 Apple ilitoa MacBook Pro yenye prosesa ya Core 2 Duo, iliyopokea GB 3 kwa ukomo. Hakuna namna ya kupata GB 3 kwa kadi mbili zinazolingana za ukubwa uliokuwa ukiuzwa. Ilibidi iwe GB 2 na GB 1. Mashine hiyo ilikuwa na chipu ya michoro ya ATI yenye kumbukumbu yake mwenyewe, kwa hiyo hapakuwa na aliyehitaji mlango wa pili kwa dhati. Mwenye MacBook ndogo alikuwa na sababu ya kutafuta pacha. Mwenye MacBook Pro alifanya vyema kujaza GB 3 na kusahau habari ya kulingana.

Uchochoro unapobomolewa

Hali ilibadilika kidhibiti kilipohamia ndani ya prosesa. AMD ilifanya hivyo mwaka 2003 kwa Athlon 64. Intel ilifuata mwezi Novemba 2008 kwa kizazi kilichoitwa Nehalem. Kwenye kompyuta mpakato za kawaida za Intel, mwezi Januari 2010 kidhibiti kiliingia katika kifurushi kimoja na prosesa, na mwaka uliofuata, kwa kizazi cha Sandy Bridge, kikawa sehemu ya kipande kilekile cha silikoni, pamoja na chipu ya michoro. Uchochoro wa zamani ulitoweka. Prosesa na michoro zikawa zinafungua milango yote miwili moja kwa moja.

Hata hivyo prosesa haikugeuka kuwa mlaji mkubwa wa RAM kwa siku moja. Ndani yake kuna kashe, kumbukumbu ndogo na ya haraka inayohifadhi vitu vinavyotumika mara kwa mara. Core i5-6300U, prosesa iliyomo katika laptopu nyingi za mtumba zinazopitia Dubai kuja Afrika Mashariki, ina kashe ya pamoja ya MB 3. Programu ya kuandika barua au jedwali la hesabu hupata sehemu kubwa ya mahitaji yake humo humo, na huenda RAM kwa nadra. Mlango wa pili unabaki wazi bila mtu wa kupita.

Fundi, ambaye sasa alikuwa na meza yake, alilipima jambo hili kwa HP EliteBook 840 G3 mbili za aina moja, zilizoletwa na mwenye duka la steshenari. Mashine hiyo ina nafasi mbili za DDR4-2133. Moja aliiwekea kadi moja ya GB 8, na ya pili kadi mbili za GB 4. Kwa hesabu, ya kwanza ilikuwa na ukomo wa GB 17 kwa sekunde na ya pili GB 34. Akamwita mwenye duka azitumie zote mbili kwa kazi zake za kila siku: barua, fomu za maombi, kurasa za mtandao, kuchapa na kutoa nakala.

"Ipi nyepesi zaidi, bosi?"

Mwenye duka alikwenda huku, akaenda kule, akarudi. "Kwani hizi si sawa tu?"

Kwa kazi yake zilikuwa sawa. Jioni ya siku hiyohiyo kijana wa duka la jirani aliomba kujaribu mchezo wa mpira wa miguu kwenye mashine hizo, na hakuhitaji kuulizwa. Kwenye yenye kadi moja wachezaji walikatika-katika kila mpira ulipofika langoni na kamera kugeuka. Kwenye yenye kadi mbili mchezo ulikwenda kwa utulivu, ingawa prosesa ni ileile, diski ni ileile na jumla ya RAM ni ileile. Mashine hiyo haina kadi ya michoro ya pekee, na michoro iliyo ndani ya prosesa hula RAM kama GMA 950 ilivyokula. Kazi nyingine zilizoonyesha tofauti mezani hapo kwa miaka iliyofuata ni kubana mafaili makubwa, kuhariri video, na kutumia skrini ya nje yenye nukta nyingi. Skrini ya nukta 3840 kwa 2160, kwa hesabu ileile ya awali, hula karibu GB 2 kwa sekunde kwa kuonyeshwa tu.

Intel yenyewe iliweka jambo hili wazi mwaka 2020. Prosesa za kizazi cha 11, kama Core i5-1135G7, zina michoro inayotambulika kwa jina la Iris Xe. Mashine ikiwa na mkondo mmoja tu wa RAM, mfumo huonyesha jina la kawaida, UHD Graphics, ingawa silikoni ni ileile. Mteja aliyedhani ameuziwa mashine isiyo sahihi aliondoka mezani akiwa ameridhika baada ya kuongezewa kadi moja. Jina likabadilika, na michoro ikaongezeka nguvu.

Ukubwa hutangulia

Kosa kubwa zaidi katika jambo hili halikutokana na kudharau pacha bali na kuwaheshimu kupita kiasi. Mwanafunzi wa uhandisi alikuja na mashine iliyokuwa na kadi ya GB 8 na ya GB 4. Fundi wa sehemu nyingine alimwambia kadi zisizolingana zinagombana, akaitoa ile ya GB 4 na kumwachia moja ya GB 8. Tangu siku hiyo programu yake ya kuchora majengo ilikuwa ikiganda kila alipofungua kivinjari pembeni.

Kadi hizo hazikuwa zikigombana. Kila kadi ina chipu ndogo inayohifadhi maelezo yake: ukubwa, kasi na mizunguko ya kusubiri. Mashine inapowashwa, programu ya awali ya ubao mama husoma maelezo hayo na kuchagua mwendo ambao kadi zote zinaumudu. Kadi ya 2400 ikikaa na ya 2133, zote hukimbia kwa 2133. Hapo ndipo hasara inapoishia, nayo ni ndogo. Kuhusu ukubwa, Intel ilileta utaratibu uitwao Flex Memory. Kadi ya GB 8 na ya GB 4 zikikaa pamoja, GB 4 za kila moja huunganishwa na kutumia mikondo miwili, yaani GB 8 kwa jumla, na GB 4 zinazosalia kwenye kadi kubwa hutumia mkondo mmoja. Mwanafunzi alikuwa na GB 12, na theluthi mbili yake ilikuwa ikifaidi upana wote. Aliyemtolea kadi alimpokonya ukubwa na upana kwa pamoja.

Kilichoigandisha mashine ni kwamba RAM ilipojaa, mfumo ulianza kuhamishia data kwenye diski. Tofauti hapa haihesabiki kwa maradufu. Safari yote ikihesabiwa, tangu prosesa iombe hadi data iifikie, RAM hujibu ndani ya karibu nanosekunde 100. Diski ya kuzunguka hujibu kwa karibu milisekunde 10, yaani mara laki moja polepole zaidi. SSD hupunguza pengo hilo sana, lakini hailizibi: SSD ya SATA hutoa karibu GB 0.55 kwa sekunde, ilhali hata kadi moja ya DDR4-2133 hutoa 17. Mkondo wa pili unaweza kuongeza kasi mara mbili kwa hesabu bora kabisa. Kukosa RAM ya kutosha kunaweza kuipunguza mara maelfu. Kadi ya GB 4 ilirudishwa mahali pake, na mwanafunzi akaondoka bila kununua chochote.

Kisa hicho kilibadilisha mpangilio wa maswali ya fundi. Awali, mteja alipofika, swali la kwanza lilikuwa "RAM zako zinafanana?" Sasa likawa "ukifungua kazi zako zote, RAM inajaa?" Windows hujibu swali hilo bila gharama kupitia Task Manager, inayoonyesha kiasi kilichotumika, kasi, na idadi ya nafasi zilizojazwa. Ikiwa imejaa, lolote linaloongeza ukubwa ni bora kuliko pacha mdogo. Ikiwa haijajaa na mteja hutumia michoro ya ndani kwa kazi nzito, hapo ndipo jozi inapoleta faida. Ikiwa haijajaa na kazi ni barua na jedwali, pesa ibaki mfukoni.

Kulingana kunakohitajika kweli

Kuna kulingana kusikovumilia mchezo. Aina lazima iwe moja: kadi za DDR2 zina pini 200, za DDR3 zina pini 204, za DDR4 zina 260 na za DDR5 zina 262, na pengo la katikati hukaa mahali tofauti ili ya kizazi kingine isiingie. Hatari iko ndani ya DDR3 yenyewe. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, na DDR3L hutumia volti 1.35. Zote zina pini 204 na pengo lilelile, kwa hiyo zinaingiliana bila kuonyesha tofauti. Mashine zenye prosesa za Intel za kizazi cha nne, kama Core i5-4300U, zinataka DDR3L.

Muuzaji mmoja alimpa fundi kadi ya volti 1.5 akiapa kwamba ni ileile. Ilichomekwa kwenye mashine ya kizazi hicho, taa ikawaka, feni ikazunguka, na skrini ikabaki nyeusi. Mteja alidhani mashine yake imeungua, na mshtuko wake ulikuwa mkubwa. Kadi ilipotolewa, mashine iliamka kama kawaida. Tangu hapo herufi L kwenye lebo ya PC3L ikawa kitu cha kwanza anachokitafuta, kabla ya ukubwa na kabla ya jina la kampuni.

Jina la kampuni ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote. Kadi za kampuni mbili tofauti, zenye aina, ukubwa na kasi moja, hufanya kazi kwa mikondo miwili bila tatizo. Jozi zinazouzwa zikiwa zimefungwa pamoja zimejaribiwa pamoja kiwandani, na hilo lina maana kwa kompyuta za mezani zinazosukumwa kupita kasi ya kawaida. Kwenye laptopu inayotumia kasi za kawaida, kadi mbili zilizonunuliwa kwa miezi tofauti hutoa matokeo yaleyale. Muhimu ni kuzipima kwa programu kama Memtest86+ usiku mmoja kabla ya kuzikabidhi, kwa sababu kadi mbovu haiponi kwa kupewa pacha.

Jambo dogo ambalo lebo husema na wengi hulipita ni mpangilio wa chipu. Kadi ya GB 8 ya DDR4 yaweza kuandikwa 1Rx8, ikiwa na chipu nane, au 1Rx16, ikiwa na chipu nne kubwa zaidi. Ya chipu nne ni nafuu kutengeneza, lakini ndani yake kuna makundi machache ya hifadhi yanayoweza kufunguliwa kwa zamu, na kwa kazi za michoro huachwa nyuma kidogo na ndugu yake. Mashine mbili zenye "GB 16, kadi mbili, 3200" zaweza kutofautiana kwa sababu hiyo tu. Kwa mwenye steshenari haina maana yoyote. Kwa mhariri wa video ni busara kusoma lebo.

Jozi isiyoonekana

Baadhi ya mashine nyembamba zina RAM iliyolehemiwa kwenye ubao mama na nafasi moja tu ya kuongeza. Zenye GB 4 zilizolehemiwa huleta hesabu yake: kadi ya GB 4 hutoa GB 8 za mikondo miwili kamili, kadi ya GB 8 hutoa GB 12, ambazo GB 8 kati yake zina upana wote, kadi ya GB 16 hutoa GB 20 kwa mgawo uleule. Kanuni ya ukubwa hutawala: kadi inayozuia mashine kujaa ndiyo sahihi, hata kama haina pacha kwenye ubao.

DDR5 iliongeza mtego mpya. Kadi moja ya DDR5 imegawanywa ndani kuwa mikondo midogo miwili ya biti 32 kila mmoja. Programu ya CPU-Z huonyesha mgawanyo huo kama mikondo miwili ya biti 32, na wapo wauzaji wanaoutumia kusema kwamba kadi moja ya DDR5 tayari ni jozi. Jumla ya upana wake bado ni biti 64, sawa na kadi moja ya DDR4. Kadi ya pili ndiyo inayofikisha biti 128.

Kwingineko swali limeondolewa kabisa. MacBook zenye chipu ya M1, zilizotoka mwezi Novemba 2020, zina kumbukumbu iliyowekwa pamoja na prosesa, yenye upana wa biti 128 tangu kiwandani na ukomo wa karibu GB 68 kwa sekunde. Hakuna cha kuongeza wala cha kulinganisha. Njia ya kati ni kiwango cha CAMM2, ambacho JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya kumbukumbu, kilikitoa mwezi Desemba 2023. Kadi moja ya LPCAMM2 hulala bapa juu ya ubao mama, hufungwa kwa skurubu, na yenyewe peke yake hubeba biti 128. Mwaka 2024 ilianza kuonekana kwenye laptopu ya Lenovo ThinkPad P1 Gen 7. Kwa mashine ya namna hiyo mteja hachagui tena kati ya moja na mbili. Huchagua ukubwa tu, na upana huja nao.

Mashine za mtumba zenye nafasi mbili, hata hivyo, zitaendelea kufika mezani kwa miaka mingi. Kwenye daftari la fundi, chini ya neno lililoandikwa mwaka 2011, kuna mistari minne iliyoongezwa kwa nyakati tofauti na kwa kalamu tofauti. Wa kwanza ni aina na volti, kwa sababu bila hizo mashine haiwaki. Wa pili ni ukubwa, kwa sababu diski haikimbii. Wa tatu ni kujaza mikondo yote miwili, hasa kwa anayetumia michoro ya ndani. Wa nne ni pacha kamili, wa kampuni moja na lebo moja, na pembeni yake ameandika: "mteja akitaka".